Siku Mkasi Alipomfuta Mdogo Wake

Msidhani aliitwa Mkasi kwa sababu ya ushonaji. Aliitwa hivyo kwa sababu ya ulimi. Alikuwa na uwezo wa kumkata mtu vipande viwili huku akimpima kiuno, na mtu akalipa na kushukuru. Lakini asubuhi ile, mteja mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake alipomwonyesha simu na kusema, "Hongera, dada, kumbe mdogo wako ndiye mbunifu mkubwa hivi?" Mkasi aliinyakua ile simu, akasahau hata kudai malipo ya gauni.

Ilikuwa tovuti yake na mdogo wake. Michoro yake ya kukatia nguo ilikuwa yote pale: kola, mikono, sketi, makoti, mia nne na kitu. Ila chini ya kila mchoro, mahali palipokuwa na jina lake kwa miaka sita, sasa palikuwa na jina la mdogo wake, Kitinda. Si mmoja, si miwili. Yote! Na juu kabisa palikuwa na tangazo lililopambwa: chuo cha ushonaji kimemwalika mbunifu wa michoro hii akawe mwalimu wa ukataji kuanzia mwezi ujao.

Ualimu huo Mkasi aliutamani tangu akiwa msichana anayeokota uzi chini ya meza za watu. Sasa ulikuwa umekuja, ukampita mlangoni na kwenda kwa mdogo wake.

Utauliza, si angeonyesha karatasi alizochora kwa mkono wake? Angezitoa wapi? Kitinda alipokuwa akizipiga picha na kuzipandisha kwenye tovuti, karatasi za kaki zilikuwa zimejaa chumba hadi pa kupitisha mguu hapakuwepo. Kitinda akasema, "Dada, si zimeshaingia? Za nini tena?" Mkasi, mtu asiyependa kutupa kitu, akaanza kufungia nguo za wateja. Sketi ikitoka, imefungwa kwa mchoro wa koti. Koti likitoka, limefungwa kwa mchoro wa gauni. Miaka sita wateja wamebeba kazi yake makwapani, wamefika nyumbani, wamechana, wametupa. Haikubaki hata moja.

Akampigia simu mdogo wake.

"Kitinda, jina langu liko wapi?"

"Jina gani, dada?"

"Usinichezee."

"Niko na watu hapa, dada. Tutaongea." Simu ikakatwa.

Yeye, Mkasi, kukatiwa simu na mtoto aliyembeba mgongoni! Aliyemshonea sare ya shule kwa vitambaa vya masalio! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na nani anaijua nguo kumshinda mshonaji? Akampigia mama yao, akamwaga yote.

"Mezea, mwanangu," mama akasema. "Damu nzito kuliko maji."

"Simezi, mama. Leo mtu atanitambua."

Akafunga karakana mchana kweupe, futi kamba bado shingoni, akaenda kwa Mtaalamu.

Mtaalamu ndiye aliyewauzia nafasi ya kuweka tovuti. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kilichojaa nyaya, kaunta ya kioo na feni inayolalamika. Alikuwa mwanamume mnene mwenye subira ya kuudhi. Akafungua daftari, akaangalia.

"Akaunti kuu imeandikwa kwa jina lako, dada. Wewe ndiye mwenye nyumba."

"Basi nataka kumtoa mpangaji."

Mtaalamu akacheka. Mkasi hakucheka. Mtaalamu akaacha kucheka, akamgeuzia kompyuta.

"Sikiliza. Mafaili ya tovuti yanakaa kwenye seva, kompyuta kubwa ya kuhifadhia. Kuna njia ya kuyafikia, inaitwa FTP. Kila anayepita njia hiyo anapewa vitu vitatu: jina la kuingilia, neno la siri, na folda anayoruhusiwa. Mdogo wako anayo akaunti yake. Wewe huna. Kwanza tukufungulie ya kwako, tuone inafanya kazi. Halafu ndipo tuifute ya kwake."

Wakafungua. Mkasi akachagua neno la siri refu kama hasira zake, akaliandika kwa kidole kimoja. Wakaingia. Folda ilikuwa tupu, nyeupe pe!

"Mwizi mkubwa huyu!" Mkasi akapiga kaunta, kioo kikatetemeka. "Ameshahamisha vyote!"

"Dada, taratibu! Hajahamisha kitu. Mashine ikitengeneza akaunti mpya, inaipa folda yake mpya, na folda mpya haina kitu. Tunaielekeza kwenye folda ya tovuti, basi. Tazama."

Akabadilisha. Wakaingia tena, na michoro ikajipanga kwenye kioo cha kompyuta, mstari juu ya mstari, mia nne na kitu. Mkasi akavuta pumzi. Akafungua mmoja, akaona jina la Kitinda chini yake, damu ikampanda upya.

"Hayo majina utabadilisha baadaye, taratibu," Mtaalamu akasema. "Sasa tufute ile ya mdogo wako. Bonyeza hapo, lakini usi..."

Simu yake ikalia. Mteja mwingine, tovuti yake imezimika, anafoka hadi Mkasi anamsikia. Mtaalamu akamwonyesha Mkasi kiganja, maana yake subiri, akageukia ukutani.

Subiri? Mkasi? Alikuwa amekwisha bonyeza. Swali likatokea: *Futa akaunti peke yake, au futa akaunti pamoja na mafaili yake?*

Ndugu yangu, hapo ndipo angemvuta Mtaalamu shati. Lakini Mkasi alisoma "mafaili yake", na akilini mwake "yake" ilikuwa ya Kitinda. Ya kwake mwenyewe si ameshayaona sasa hivi, kwenye akaunti yake mpya? Ukimtoa mpangaji mbaya, unamwachia vitanda ndani? Unamtoa na masufuria yake, na mikeka yake, na mifagio yake. Utamu alioupata Mkasi dakika ile, hata siku ya harusi yake hakuupata.

"Nenda na vitu vyako vyote," akasema kwa sauti, akabonyeza.

Mtaalamu alipomaliza simu na kugeuka, Mkasi alikuwa anatabasamu. Mtaalamu akatazama kioo. Akafungua folda ya tovuti. Tupu. Akafungua tena, kana kwamba mara ya pili ingekuwa na huruma.

"Dada. Umechagua ipi?"

"Ya pili."

"Lahaula." Akaketi. "Dada yangu, nyote wawili mlikuwa mnaingia folda ileile. Ilikuwa folda moja, milango miwili. Umefuta mlango wake na nyumba yako."

"Rudisha."

"Siwezi. Huduma ya nakala za akiba hamkuilipia kwangu. Mdogo wako alisema atakuwa anaziweka mwenyewe, kwake."

Mkasi alishika kaunta kwa mikono miwili. Aliwaza karatasi za kaki, nyumba zote zilizozichana, majalala yote. Kulikuwa na mahali pamoja tu duniani palipobaki kazi yake.

Alitembea hadi kwa Kitinda, na kila hatua aliona aibu. Alimkuta mezani, kompyuta mbele yake. Alikuwa ameshaona tovuti imekufa, na alikuwa ameshajua ni nani.

"Karibu, dada," akasema bila kuinuka.

"Nimekuja kuchukua michoro yangu."

"Umenifuta, sasa unanijia?"

"Umeniibia jina! Mwizi huuliza kwa nini anafukuzwa?"

"Jina." Kitinda akageuza kiti, na uso wake ulikuwa mkavu kama wa dada yake akikata kitambaa cha bei. "Miaka sita, dada. Kila mchoro niliupiga picha, nikaunyoosha, nikaweka vipimo vya miili yote, mwembamba na mnene, maana wewe ulikuwa unachora wa mwili mmoja tu, wako. Nikapandisha mmoja mmoja. Nikajibu maswali ya washonaji nisiowajua. Na watu wakikuuliza mimi ni nani, ulikuwa unasema nini?"

Mkasi alikumbuka vizuri sana alichokuwa akisema.

"Sema, dada. Wewe si ndiye mwenye ulimi?"

"Nilisema unanisaidia kompyuta."

"'Huyu ananisaidia kompyuta.' Mbele ya wateja. Mbele ya mama. Hata mbele ya mchumba wangu!" Sauti ikamkatika, akaikaza. "Nilikuomba jina langu likae chini ya lako, kwa herufi ndogo. Ukacheka ukasema jina la mpiga pasi haliwekwi kwenye lebo. Nikasema sawa. Nikangoja."

"Basi weka mawili sasa. Weka yote mawili, nikubali yaishe."

"Asubuhi ningeweka. Haki ya Mungu ningeweka, nilitaka tu unijie mwenyewe uniombe. Lakini wewe hukuja kuniomba. Ulikwenda kunifuta."

Akageukia kompyuta. Mkasi alisikia vidole vikigonga haraka, kazi aliyoiona miaka sita bila kuitazama. Kitinda alikuwa ameshakodi nafasi yake mwenyewe, kwenye seva nyingine, kwa jina lake mwenyewe, na michoro yote ilikuwa huko tayari. Akaandika kitu kwenye kikaratasi, akamsukumia dada yake.

"Nimekufungulia akaunti. Kuangalia unaweza, kupakua unaweza. Kuweka huwezi, kubadilisha huwezi, na kufuta ndiyo usahau kabisa."

Mkasi akasoma. Anwani. Neno la siri. Jina la kuingilia: *mgeni*.

Maneno yalimjaa kinywani, makali, ya kumchana mtu akahitaji mshono. Akatafuta moja lenye kustahili, na kila alilolishika alikuta limeshatumika, na alilitumia yeye, kwa huyuhuyu.

"Asante," akasema.

Karakana aliifungua tena kabla jua halijazama. Akaketi mbele ya kompyuta kuukuu iliyokuwa haiguswi na yeyote ila mdogo wake, akaandika *mgeni* kwa kidole kimoja, akaingia. Mchoro wa kwanza ulikuwa kola, kola yake, kila mkunjo alioukosea mara tatu kabla ya kuupata. Chini yake, jina la Kitinda. Alilia kwa hasira, kwa sauti, mlango wazi, wapita njia wakitazama.

Mama akapiga. "Mmepatana, mwanangu?"

"Tumepatana, mama."

Akakata simu, akapakua mchoro wa kwanza. Kisha akapakua wa pili.