Jua la Uani kwa Kerubo

Kila asubuhi Harjit alivaa koti juu ya pajama, akatoka uani kwake Hodge Hill kusoma kipimajoto na kumwaga maji ya kipimamvua. Kisha alibadili karatasi iliyowekwa chini ya gololi kubwa ya kioo. Jua likiwaka, kioo huichoma karatasi hiyo mstari mweusi. Alipokuwa Kisumu alilipwa kwa kazi hii. Tangu ahamie Uingereza alifanya kazi ya kufunga milango kwenye magari mapya kiwandani, na hali ya hewa aliipima kwa mapenzi yake tu.

Desemba ya 1971 karatasi zake zilitoka nyeupe. Giza liliingia alasiri, watoto wakiwa bado njiani kutoka shule. Ila kwa jirani yake Kerubo, nesi kutoka Kisii, jua liliendelea kuwaka uani hadi wakati wa chakula cha jioni. Lilikomea kwenye uzio.

Kerubo hakuliona. Tangu aajiriwe alipangiwa zamu ya usiku, na mchana alilala, mapazia yamefungwa. Hilo ndilo lililomuuma Harjit.

"Dada Kerubo, naomba niweke kioo changu kwako."

"Weka tu, Bwana Harjit. Ila usinigongee mlango."

Akakiweka. Jua likakizunguka kioo kama maji yanavyozunguka jiwe, karatasi ikatoka nyeupe vilevile.

Jumatatu akaenda hospitali alikofanya kazi Kerubo, kumwona metroni, mkuu wa manesi.

"Yule nesi anapata jua lisilo lake," alishtaki. "Mpeni zamu ya mchana. Asipokuwepo, huenda likatufikia na sisi."

Metroni alimshukuru kwa taarifa.

Wiki iliyofuata Kerubo alisimama kwenye uzio, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nimeomba tena mchana, wamekataa. Wazungu walioanza kazi juzi wamepewa. Metroni anasema mimi sina shida, nina jua langu nyumbani. Sijui nani kamwambia."

Harjit aliinamia kipimajoto.

"Pole, dada."

"Asante." Akaingia kulala.

Harjit alimwonea huruma, ya kweli kabisa. Ilidumu mpaka alipoziona shuka za Kerubo kwenye kamba, zimekauka, zinapepea. Zake zilikuwa jikoni, zinanuka unyevu.

Akamwita mkewe dirishani.

"Balwinder, njoo uone watu wengine walivyobarikiwa."