Jozi Zisizovuka Mbili

Keki ilifika kabla ya jibu. Hidde ndiye aliyeiagiza, na juu yake mwokaji alikuwa ameandika kwa krimu: 2,3, yaani mbili koma tatu.

"Umeandikisha namba ambayo hatujaipata," nilimwambia.

"Tumeipata, Jildou. Wewe ndiye unayeikataa."

Kwenye maabara yetu hapa Delft, Uholanzi, anayevuka mbili huwanunulia wenzake keki. Tangu nianze shahada ya uzamivu, mimi na Hidde tunatengeneza jozi za chembe za mwanga zilizofungamana, yaani hali ya moja haitengani na ya nyingine. Moja tunaipima hapa chini, nyingine inapita kwenye kebo hadi jengo la ng'ambo ya mfereji. Kisha tunalinganisha majibu, na ulinganisho unatupa namba moja. Chembe zilizopanga majibu tangu mwanzo, kama wanafunzi wanaoibia mtihani, haziwezi kupita mbili. Zikipita, hazikupanga. Sura ya mwisho ya tasnifu yangu imesimama hapo, na mkataba wangu unaisha Juni.

Kwamba zimefungamana, tumethibitisha kwa kipimo kingine. Lakini tukilinganisha majibu, 1,93. Nimebadilisha vioo, nimesafisha ncha za kebo, nimezima hata taa ya ukumbini. 1,93. Kumbe kufungamana peke yake hakutoshi. Njiani zinavurugika, na nyingi zinapotea.

"Basi zinazopotea tusizihesabu," Hidde alisema. "Tuhesabu pale tu vigunduzi vyote viwili, cha hapa na cha ng'ambo, vinapoita kwamba vimenasa chembe. Kila mtu anafanya hivyo."

"Tuliandika kabla ya kuanza kwamba kimya nacho ni jibu."

"Tuliandika kabla hatujajua kazi yenyewe ilivyo."

"Ndiyo maana ya kuandika kabla. Kama zilipanga majibu, zinaweza pia kupanga zinyamaze lini."

"Haya, mtakatifu. Kamwambie Marijke mwenyewe. Mimi nasubiri keki."

Alijua ninavyoogopa. Mbele ya msimamizi wetu mimi huongea na viatu vyangu.

Marijke aliingia, koti lake la mvua likichuruzika, akaiona keki. Uso ukamchangamka. "Mmevuka, mkaninyamazia?"

Hidde alinitazama mimi. Nilijibu nikiiangalia krimu. "Moja koma tisa tatu. Hiyo iliyoandikwa ni baada ya kuzitupa zilizopotea."

Alivua koti taratibu. "Vigunduzi vipya vinakuja lini?"

"Septemba."

"Wewe utakuwa umeshaondoka."

"Ndiyo."

"Basi sura yako itasema zimefungamana, na hazikuvuka. Ni kweli, na inaandikika." Alilitundika koti. "Pole. Najua sicho ulichokuja kutafuta."

Marijke alichukua kisu, akaikwangua ile namba, akakata vipande. Hidde alibeba kikubwa kuliko vyote akaenda kukilia dirishani, ametugeuzia mgongo.

"Umefurahi sasa?" aliuliza bila kugeuka.

"Hapana."

Kipande changu kilibaki na ile koma. Nilikila nimesimama, kisha nikashuka kwenda kuandika sura nisiyoitaka.