Mkutano wa Jumanne, Vällingby

Getrude, mwenye miaka tisa, alikuwa akifunga kamba za viatu alipoyasema maneno yale. Aliyasema kwa Kiswidi, kama alivyozoea kumjibu mama yake. "Mama, sherehe ya Lucia usije. Baba aje peke yake."

Winifrida hakuuliza kwa nini. Desemba iliyopita, kwenye sherehe hiyo ya shule ya kumkumbuka Mtakatifu Lucia, watoto walipoingia ukumbini na mishumaa yao, yeye aliimba kwa sauti kubwa wimbo asioujua, kisha akaanguka na kiti. Wazazi wenzake walimwinua kwa adabu, bila kumtazama usoni. Adabu ile ndiyo iliyomuuma.

Ilikuwa Novemba 1974, Vällingby, kitongoji cha Stockholm. Winifrida alikuwa ametoka Bukoba kuja Uswidi kusomea uuguzi, akabaki, akaajiriwa katika nyumba ya wazee. Kazini hakugusa hata tone la pombe. Alikunywa jikoni kwake, amesimama, mtoto akiwa shuleni na mumewe Damian akiwa zamu kiwandani. Kwao pombe ilinywewa mbele za watu, kwa mrija na mazungumzo. Yeye alijifungia mlango.

Tangazo aliliona maktabani: wenye shida ya pombe hukutana kila Jumanne jioni, jengo la mikutano nyuma ya maduka ya Vällingby, orofa ya chini. Mara ya kwanza alifika mlangoni akarudi. Jumanne iliyofuata aliteremka ngazi upesi, asije akabadili mawazo, akafungua mlango wa kwanza aliouona.

Wazee kadhaa walikuwa wameizunguka meza. Wakamsogezea kiti. Akakaa, akingoja mtu aanze kuungama. Badala yake mzee mmoja mwenye kipara akampa kioo cha kukuzia na stempu yenye picha ya twiga.

"Hii inatoka kwenu," alisema. "Wewe unakusanya za nchi gani?"

Winifrida aliona aibu kuondoka. Akamsifu twiga, akamsifu na simba aliyefuata. Alivumilia mpaka kahawa ilipoletwa, ndipo akanong'ona, "Samahani, mzee. Nadhani natafuta mkutano mwingine."

Mzee hakubadilika uso. "Mlango wa kijani, kule mwisho. Wengi huanzia hapa kwetu."

Nyuma ya mlango wa kijani watu walikuwa wakipanga viti. Aliyeshika birika alikuwa Zachariah, Mkenya mwenye mvi, mwalimu wa kwaya katika ibada yao ya Kiswahili ya Jumapili. Winifrida akageuka mbio. Zachariah akamfikia kwenye ngazi, birika bado mkononi.

"Mama Getrude, ngoja."

"Shikamoo, mzee. Nilikuja kwa ajili ya stempu."

"Hata mimi nilikuja kwa stempu. Nilikaa nao jioni nzima, wakanipa na albamu." Akacheka kidogo. "Na hizo shikamoo tuziache kanisani. Huku chini mimi ni Zachariah, mlevi."

Winifrida alimtazama. Mtu huyu ndiye aliyewakemea vijana wa kwaya kwa harufu ya bia. "Damian akijua, je?"

"Kwangu hatasikia. Kama utamwambia wewe, hilo ni lako."

Wakarudi ndani. Zamu yake ilipofika, Winifrida alifungua kinywa akakuta Kiswidi chake chote ni cha kazini: dawa, mashuka, maumivu yako wapi. Mwenyekiti, mama mnene wa makamo, akamwambia atumie lugha aliyo nayo. Akasema kwa Kiswahili. Alisema juu ya chupa kwenye kapu la nguo chafu, na juu ya mtoto aliyemwomba mama yake asije. Waswidi walisikiliza wote, mikono mapajani. Zachariah alipotaka kutafsiri, Winifrida akatikisa kichwa.

"Wewe umesikia," alimwambia. "Inatosha."

Jumapili, baada ya chakula, alimweleza Damian. Damian alivunja kijiti cha meno vipande vipande kabla ya kujibu.

"Najua. Tangu mwaka jana naongeza maji kwenye chupa zako."

"Maji?"

"Nilidhani ikiwa nyepesi utaichoka."

Winifrida alipandwa na hasira asiyoitarajia. "Ulijua ukanyamaza? Ukaniacha nikidhani nimeficha?"

"Ningesema nini, Wini? Niliogopa ukishajua najua, utakunywa mbele yangu."

Hawakupatana siku ile. Mwezi uliofuata Damian alikwenda peke yake kwenye Lucia, kama mtoto alivyotaka, na Winifrida akashinda kwa Zachariah na mkewe akimenya viazi na kulia. Wakati wa Pasaka alikunywa tena, siku nzima, akarudi kwenye mlango wa kijani na uso umevimba. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Baada ya hapo hakunywa tena, ingawa yeye mwenyewe hakupenda kulisema hilo kwa sauti.

Damian naye alichelewa kuacha mazoea yake ya kuchunguza anachokunywa mkewe. Miaka baadaye, wakiwa na wageni mezani, Winifrida alimkuta jikoni akiinusa glasi yake ya maji ya machungwa. Damian aliona haya, akataka kuirudisha.

"Onja kabisa," Winifrida akamwambia, "uniambie kama imekolea."