Koo Jipya la Wangwe

Wangwe alikuwa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya neti, huko Muhuru Bay, alipoamua kwenda kubadilishwa sauti. Wanawake waliokuwa wakianika kando yake walikuwa wameanza tena.

"Wangwe, juzi uliita ng'ombe, wakaja kuku," alisema Nyasuguta.

"Na hao kuku walidhani kifaranga kimepotea!" mwingine akadakia.

Hakucheka. Alikuwa na sauti nyembamba tangu utotoni, na kwa chifu lango halikuwa la kugongwa. Mwanamume yeyote alisimama nje akataja jina lake, mlinzi akapima uzito wa sauti, ndipo akafungua. Gari la serikali la kupeleka wagonjwa lililala ndani ya lango hilo, pamoja na mbuzi wa chifu. Mke wa Wangwe alipozidiwa na uchungu wa kuzaa, Wangwe alisimama pale akaita mpaka jua likazama.

"Mama, rudi nyumbani," Mochama mlinzi alimjibu. "Mwambie mzee wako aje mwenyewe."

Mkewe alifia kwenye toroli. Gari lilikuwa limeoshwa asubuhi hiyo.

Sasa binti yake Damaris alikuwa na mimba kubwa, na aliyempa mimba alikuwa amevuka mpaka wa Sirare na lori lake. Wangwe akauza fahali, akaenda Homa Bay. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Nyuma ya kinu cha posho palikuwa na daktari aliyepasua makoo na kutia sauti nzito. Alikuwa amebakiwa na moja tu, ya bwana DO, mkuu wa tarafa, aliyestaafu akafa.

"Hii ikiingia haitoki," daktari alisema. "Hata ukijuta."

"Lango litafunguka?"

"Mzee, kwa hii hata jela inafunguka."

Sauti ya zamani ilitolewa, ikafunikwa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Daktari alimwambia aizike. Lakini kwa kina Wangwe kitu cha mwilini hakimtangulii mwenyewe kaburini, kwa hiyo alirudi na mkebe nyumbani akautundika jikoni kwa Damaris.

Kidonda kilipopona alisimama langoni akasema, "Wangwe." Mochama alifungua na kupiga saluti. Chifu akatoka akitafuna.

"Sauti kama hii inakaa na omena?"

Akamwachisha Mochama kazi papo hapo, akampa Wangwe kofia na rungu. Wangwe alifurahi. Aliona sasa atakuwa karibu na gari.

Damaris aliposhikwa na uchungu, mfuniko wa mkebe ulifunguka wenyewe, sauti nyembamba ikatoka, ikashika njia. Sokoni Nyasuguta alivuta beseni lake ili ipite. Ilifika langoni jua likiwa bado kali.

"Chifu, gari! Damaris anakufa!"

Wangwe aliitambua. Ndani chifu akauliza, "Nani huyo?"

Wangwe akafungua mdomo aseme ni binti yake. Lakini sauti ya bwana DO ilikuwa imefanya kazi miaka mingi, na ilikuwa na maneno yake.

"Ni mama mmoja tu, mkubwa," ikasema. Kisha ikageukia nje. "Rudi kesho."

Wangwe akakimbia kwa dereva kumwambia awashe gari.

"Zima," sauti ikasema.

Dereva, ambaye hata hakuwa amewasha, akachomoa ufunguo akaenda kula.

Damaris alizikwa kando ya mama yake, na mtoto kifuani. Wangwe alisogea kaburini alie.

"Mkutano umekwisha," sauti ikasema. "Tawanyikeni."

Watu wakatawanyika, maana ilikuwa sauti nzuri. Udongo aliumalizia peke yake. Nyuma ya jikoni sauti nyembamba ilikuwa ikimlilia Damaris vile mzazi hulia, na Wangwe aliisikiliza mpaka ikachoka. Kisha akavaa kofia akarudi kazini.

Siku hizi sauti hiyo nyembamba huja langoni kila jioni. Chifu ameizoea, anasema hata vyura wa ziwani wana kelele kuliko hiyo. Gari limepakwa rangi mpya.

"Chifu, gari," inasema.

"Rudi kesho," Wangwe anajibu.

Na kesho yake inarudi.