Kinasa na Swali la Dawa

Wenzake walimwita Kinasa kwa sababu alinasa kila kitu. Mhadhiri hata akikohoa, yeye kalamu mkononi. Shuleni alishika namba moja miaka yote kwa mtindo huo. Sasa yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi, na kapata sifuri.

Mimi, wa mwaka wa nne, ndiye niliyepewa kazi ya kuwasaidia wageni kama yeye wazoee masomo ya chuo. Nilipewa meza moja ghorofa ya pili ya maktaba na viti viwili, kimoja kinayumba. Watu walisema ni kazi nyepesi. Nawasamehe.

Swali lililompa sifuri lilikuwa hili: kwa nini wagonjwa wengi hawamalizi dawa? Toa maoni yako. Kinasa alijaza kurasa nne, mhadhara mzima neno kwa neno, na katikati ya ukurasa wa tatu ikawemo sentensi isemayo, "Wewe wa nyuma, funga mlango huo." Alipewa nafasi moja ya kurudia, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Akikosa tena, anarudia mwaka, na baba yake alishasema kwamba akirudia mwaka, chuo ndiyo basi.

Ijumaa hiyo saa nne akaja mezani kwangu na karatasi tupu.

"Haya, mdogo wangu. Wewe mwenyewe unaonaje?"

Akainama, akaandika. Nikachungulia. Ameandika: Wewe mwenyewe unaonaje.

Nikamweleza kwamba mhadhiri hataki kurudishiwa maneno yake, anayo tayari. Akaitikia. Nikamuuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa, dada."

Nikarudia kwa mfano. Akaitikia tena. Ikafika saa tano na nusu, karatasi imejaa maneno yangu mimi. Hapo uzalendo ulinishinda. Nikamnyang'anya kalamu.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikafoka, mpaka mkutubi akageuka. "Usiandike. Niambie. Kwenu nani hamalizi dawa?"

Machozi yakamlenga.

"Bibi."

"Kwa nini?"

"Hajui ameze ngapi. Muuguzi wa pale dirisha la dawa anaongea haraka, na ukimuuliza mara ya pili anafoka. Kwa hiyo bibi anasema ameelewa. Anaitikia tu, akifika nyumbani anaziweka kabatini." Akapangusa pua. "Hata mimi sijaelewa kitu tangu saa nne, dada."

Kusema kweli, niliona aibu. Nikamrudishia kalamu, na karatasi mpya.

"Andika hilo."

"La bibi? Hilo si la chuo."

"Ndilo la chuo. Andika."

Akaandika mbio bila kuniangalia. Mara akasita. "Na hili la leo, la kufokewa, niliweke?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro robo. "Liweke," nikasema kwa shingo upande.

Aliwasilisha zikiwa zimebaki dakika tatu, na alifaulu. Wiki iliyofuata mhadhiri alituita sote tunaosaidia wanafunzi wapya, mkutubi akiwemo, akatusomea karatasi ile kwa sauti. Hakumtaja mtu jina. Alipofika kwenye mfano wa pili, ile methali yangu ilikuwemo, imenaswa neno kwa neno, na mkutubi akageuka tena kunitazama.