Nani Asaini Juu

Ukitaka kumjua daktari bingwa, usimtazame akiwa na mgonjwa. Mpe karatasi yenye mistari miwili ya sahihi, mmoja juu na mwingine chini, halafu mkalishe na bingwa mwenzake. Mimi nimewajua hivyo kwa miaka kumi na mmoja, na kusema kweli wamenichosha.

Naitwa Joanitha. Ni katibu mtendaji wa chama cha madaktari bingwa wa moyo wa watoto. Zamani nilikuwa muuguzi, nikaacha wodi nikaingia ofisini, nikidhani ofisini kuna utulivu. Wanachama wangu ni thelathini na wanne na kila mmoja anaamini chama ni cha kwake. Naitisha mikutano, naandika mihtasari, natunza majina ya watoto wanaosubiri upasuaji, na muda uliobaki nawazuia watu wazima wenye shahada tatu tatu wasitukanane.

Mwaka huu mkutano mkuu niliuleta Karagwe. Mimi ni mzaliwa wa Chonyonyo, na nilitaka waje waone wanakotoka watoto wanaowaita "kesi". Mkutano ulipangwa Jumamosi. Kabla yake tukaweka siku nne za kupima watoto bure, katika hospitali moja iliyotupa vyumba viwili vilivyopakana na benchi refu la ubao nje. Akina mama walitoka Igurwa, walitoka Nyakahanga, wengine mbali kabisa, Kyerwa.

Mmoja wa hao wa Kyerwa alikuwa Mukabera. Alifika Jumanne asubuhi na binti yake wa miaka saba, wakiwa na vumbi la barabara hadi kwenye kope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto anaitwa nani?"

"Ankunda. Waitu mama, huyu akienda kisimani tu anachuchumaa njiani, anahema. Wenzake wanamwacha."

Dokta Yudesi alimpima Jumanne ile ile. Dokta Rogasian akampima Jumatano. Wote wawili waliona kitu kimoja: tundu kwenye ukuta wa moyo, na presha ya mapafu inayopanda. Wote wawili waliniambia, kila mmoja kwa wakati wake, maneno yaleyale: azibwe sasa. Akingoja mwaka mwingine mapafu yatakuwa yameharibika, na hapo hakuna daktari atakayethubutu kumgusa. Mwezi uliofuata timu ya upasuaji ilikuwa inakuja nchini, na imebaki nafasi moja. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa, saa kumi kamili alasiri.

Kwa hiyo hapakuwa na ubishi juu ya mtoto. Hilo lishike vizuri, kwa sababu siku tatu zilizofuata zilipita kwenye ubishi.

Chama kina sheria. Mtoto haingii kwenye orodha mpaka mabingwa wawili wawe wamempima kwa mikono yao na kusaini karatasi moja. Sheria hiyo niliiandika mimi. Miaka mitatu nyuma mwanachama mmoja alimwingiza kwenye orodha mtoto ambaye hajawahi hata kumtia machoni, na mtoto aliyekuwa na shida kweli akakosa nafasi. Nilipandwa na hasira, nikaandika sheria usiku mmoja, ikapita bila kupingwa. Niliionea fahari.

Ila sikuwahi kufikiria habari ya juu na chini.

Jumatano mchana nilijaza fomu, nikampelekea Dokta Rogasian chumba cha kwanza. Yeye ndiye mwenyekiti wetu, alichaguliwa mwaka jana kwa kura moja zaidi. Akaitazama kama mtu aliyeletewa chai baridi.

"Mimi naandikwa wapi?"

"Mstari wowote, dokta. Juu, chini, sheria haisemi."

"Mwenyekiti hasaini chini ya mtu. Lakini nikisaini juu, yule mama Yudesi atakuja kusema nimemruka, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kumpima. Aanze yeye kukubali kwa maandishi kwamba anasaini chini."

Nikaenda chumba cha pili. Dokta Yudesi ndiye aliyeshindwa kwa ile kura moja, na hadi leo anamwita mwenyekiti "yule kijana", ingawa kijana ana mvi.

"Nikubali nini?" akafoka. "Yule kijana mimi ndiye niliyemfundisha kushika kipimo! Alikuwa anautafuta moyo wa mtoto upande wa ini. Nisaini chini yake?"

Nilirudi chumba cha kwanza, nikarudi cha pili. Kila nilipopita, Mukabera aliinua macho kutoka kwenye benchi, na mimi nikamwambia lile neno ninalowaambia wote: "Subiri kidogo mama, kuna utaratibu."

Alhamisi nilichapa fomu mpya, mistari ikakaa ubavuni, mmoja kushoto na mwingine kulia. Nikajiona mwerevu. Dokta Yudesi akavaa miwani yake, akasema kushoto ndiko kunakosomwa kwanza, na yeye si mjinga. Nikaichana ile fomu mbele yake. Akacheka.

"Sikiliza Joanitha. Nipe karatasi yangu peke yangu, na yeye mpe ya kwake. Yaishe."

Hapa nitasema ukweli, ingawa haunipendezi. Ningeweza kukubali. Katiba yetu inamruhusu katibu kupokea karatasi mbili pale muda unapobana. Kifungu hicho nacho nilikiandika mimi. Lakini nilikuwa nimejaa. Miaka kumi na mmoja wananiita karani, wananiagiza maji ya kunywa, wananikatiza nikisoma muhtasari. Nilitaka kuwaona wakiinama juu ya karatasi moja, vichwa vyao vikigongana ikibidi.

"Karatasi moja," nikasema. "Ndiyo sheria."

Ijumaa asubuhi walikutana kwenye korido na mambo yakaharibika. Mwenyekiti alisema kwa sauti ya mkutano wa hadhara kwamba hasaini. Dokta Yudesi akamjibu kwamba na yeye hasaini, na kama chama kinataka kufa, kife. Nami nikapiga kelele kuliko wote wawili. Nikawasukumia chumba cha kwanza, nikafunga mlango kwa mgongo.

"Kesho nitasimama mbele ya wanachama wote," nikawaambia, "nitasoma siku hizi tatu saa kwa saa. Nani alisema nini kuhusu mstari upi. Na habari ya moyo upande wa ini nitaisoma pia. Mnanijua kwa kuandika."

Wakavuta viti. Nilichukua fomu nyingine kwenye rundo, nikaiweka mezani, nikampa kila mmoja kalamu.

"Mtasaini kwa pamoja. Nikisema tatu."

Nilihesabu. Mabingwa wawili wa moyo, wenye miaka mia na ishirini na mbili ukiwajumlisha, wakasaini kwa mpigo kama watoto wanaoshindana kukimbia, kisha kila mmoja akaangalia saa ya ukutani ashuhudie kwamba hakutanguliwa. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Nilichukua karatasi yangu, nikatoka nimeinua shingo. Nimewaweza, nilijiambia. Nilifurahi, na ile furaha sasa inanitia aibu.

Kilichobaki ni sahihi ya mzazi, mstari mdogo chini kabisa ya fomu. Benchi lilikuwa na mwanamke mmoja tu, Joviana wa Igurwa, ananyonyesha.

"Mama Ankunda yuko wapi?"

"Ameondoka na gari la saa tano. Alisema mmemkataa."

Simu yake haikupatikana. Nilichukua jina la kijiji kwenye daftari la mapokezi, nikatoka getini, nikapanda bodaboda ya mzee mmoja anayeitwa Jovin, ambaye hakuniuliza chochote baada ya kuniona uso. Tukapita Omurushaka, tukashika barabara ya Kyerwa, migomba na mibuni pande zote, halafu migomba ikapungua, nyasi zikaanza, ng'ombe wakatokea. Vumbi lilinijaa mdomoni. Njia nzima niliwatukana wale wawili kimoyomoyo, mmoja baada ya mwingine, kwa haki sawa.

Tulifika saa nane na nusu. Mukabera alikuwa nyuma ya nyumba, ameinama, anafukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa nyasi kabla ya kukamua kwa jioni. Ankunda amekaa kwenye gogo kando yake. Mama aliniona, akarudisha macho kwenye chombo chake. Shikamoo yangu ya Jumanne sikuipata tena.

"Habari za hapa, mama," nikaanza mimi.

"Nzuri."

"Wamesaini. Wote wawili. Mtoto amepata nafasi, inabaki sahihi yako tu, na orodha inafungwa saa kumi."

"Subiri kidogo," akasema. "Kuna utaratibu."

Sikuamini masikio yangu. Alimaliza chombo kimoja, akachukua cha pili. Nikamwambia saa zinakwenda. Akasema anajua, saa zilikuwa zinakwenda hata kule kwenye benchi. Chombo kisipofukizwa maziwa yanaharibika, na yeye hana mtu wa kumwachia kazi yake. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Saa tisa ikapita. Nilitamani kumpokonya kile chombo nikivunje.

Alipofunika chombo cha mwisho alinawa mikono, akajikausha polepole, akaja kusimama mbele yangu.

"Niliwasikia," akasema. "Yule baba alisema hasaini. Yule mama akasema na yeye hasaini. Na wewe ukapiga kelele kuliko wote. Mimi Kiswahili nakisikia vizuri. Nikajua mwanangu hatibiki, ndiyo maana wanakataa kuweka majina yao. Tumekuja kwenye gari, ameniuliza. Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba moyo wake hautengenezeki. Ningemwambia nini kingine?"

Ankunda alikuwa ananitazama. Niliangalia pembeni, nikaitoa fomu kwenye mkoba, nikampa mama na kalamu.

Hakusaini. Aliisoma. Alianzia juu, kidole kikifuata mstari, midomo ikitembea. Saa tisa na dakika thelathini na tano. Nikauma meno. Kidole chake kikasimama, kikarudi juu, kikasimama tena.

"Mama," akasema, "mwanangu mmemwandika wapi?"

Nikasimama. Nikaichukua karatasi. Sahihi mbili zilikuwepo, nzuri, zimelingana hadi mikia. Muhuri wa chama ulikuwepo. Tarehe ilikuwepo, kwa mwandiko wangu. Sehemu ya jina la mtoto ilikuwa nyeupe. Umri, nyeupe. Kijiji, nyeupe. Ile fomu ya kwanza niliijaza yote, lakini hii ya tatu niliichukua kwenye rundo nikiwa na hasira, na hakuna kati yetu watatu aliyeona kwamba haina mtu.

"Nimesahau," nikasema.

"Mmesahau," akasema.

Aliichukua tena, akaiweka juu ya mfuniko wa chombo, akaandika mwenyewe. ANKUNDA, kwa herufi kubwa, moja moja, zikajaza kisanduku na kutoka nje yake. Akaandika umri. Akaandika kijiji. Kisha akashuka hadi mstari wa chini kabisa, akasaini, bila kuuliza juu ni kwa nani na chini ni kwa nani.

Mtandao ulikuwa juu ya kichuguu nje ya zizi. Nilipanda na viatu vyangu vya ofisini, nikapiga picha, nikatuma. Ilizunguka, ikazunguka. Saa tisa na dakika hamsini na nne likaja jibu: imepokelewa, jina limeingia. Nikashuka.

"Imeingia, mama. Mwezi ujao. Nitakuja mwenyewe kuwachukua."

Mukabera alikaa chini palepale alipokuwa, akafunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Nilisogea nimshike. Akaninyooshea mkono, nisimguse.

"Mimi nimeshamwambia hautengenezeki," akasema ndani ya kitenge. "Sasa mwambie wewe. Na umwambie ilikuwaje."

Nikaenda kwenye gogo. Nimeshasimama mbele ya mawaziri nikasoma taarifa nimenyoosha mgongo. Mbele ya yule mtoto nilichuchumaa.

"Ankunda, moyo wako unatengenezeka. Wale madaktari walijua tangu Jumatano."

"Mbona walikataa?"

"Hawakukukataa wewe. Walikuwa wanagombania mstari. Na mimi niliwaacha wagombane, nilitaka kuwashinda."

Alifikiri kidogo, anahema taratibu, kiganja kimekaa kifuani.

"Mstari gani?" akauliza.

Nilikunjua ile karatasi juu ya magoti yake, nikamwonyesha.