Pazia la Shahadani

Katika nchi ya Shahadani mtu huamkiwa kwa kadiri ya karatasi alizotundika ukutani kwake. Mwenye shahada moja hutikisiwa kichwa, mwenye mbili huachiwa kiti, na mwenye tatu, ambaye ndiye daktari, hufunguliwa mlango mkuu wa kila nyumba hata kama hakualikwa. Asiye na kitu hupita uani pamoja na kuni na maji. Wenyeji waliihesabu desturi hii kuwa ni adili na insafu, na waliyahurumia mataifa mengine kwa kukosa ustaarabu wa namna hiyo.

Shahada iliyotukuka kuliko zote ilikuwa udaktari wa kufundisha piano, na masharti yake yaliogopwa kama ndui. Mtahiniwa alipaswa kukaa miaka mitatu ndani ya kuta za Chuo cha Madaha, asome vitabu arobaini juu ya piano, afaulu mtihani wa lugha mbili ambazo hapana mpiga piano wa Shahadani aliyepata kuzinena, aandike tasnifu isiyopungua kurasa mia nne, kisha aitetee mbele ya baraza la madaktari saba. Sharti la mwisho, la kale kuliko mengine yote, lilimtaka alete mwanafunzi mmoja aliyemfundisha mwenyewe, tangu hajui mpaka akajua. Mwanafunzi huyo alipiga nyuma ya pazia zito la mahameli, kwa kuwa waasisi walitaka baraza lihukumu mkono, lisihukumu sura wala mavazi. Nia yao ilikuwa safi, lakini kadiri miaka ilivyopita pazia lilizoea kuficha mambo mengine.

Bwana Raghba alizaliwa katika nyumba ya watu wa mlango wa uani. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na vitamu, lakini Shahadani vidole havifungui mlango, basi akajiandikisha Chuo cha Madaha, akaapa kwamba hatatoka humo ila kwa mlango mkuu. Mwanafunzi aliyemchagua aliitwa Bi Ridhaa, mpika vitumbua aliyepita miaka hamsini. Siku ya kwanza mama huyo alieleza haja yake bila kuzunguka. Mama yake mzazi alikuwa akimbembeleza kwa wimbo mmoja. Mama alikwisha kufa, ndugu walikwisha kufa, sauti yake mwenyewe ilikwisha kuharibiwa na moshi wa jiko, na wimbo ule haukubaki kwa mtu mwingine duniani. Alitaka ajue kuupiga kabla haujampotea. Hakutaka kitu kingine.

Raghba alimwahidi, na siku hiyo ahadi yake ilikuwa ya kweli. Lakini tasnifu yake iliitwa “Mkono Usiojua”, na mkono ukishafundishwa hauwi tena mkono usiojua. Kwa hiyo kila Alhamisi, kwa muda wa miaka mitatu, alimkalisha Bi Ridhaa mbele ya piano iliyofungwa kifuniko, akampima vidole, akamhesabia pumzi, akaandika jinsi makovu ya mafuta ya moto yalivyokaa kiganjani. Mama alipouliza wataanza lini, alijibiwa kuwa wamekwisha kuanza. Alirudi kwake akijiona mzito wa akili, na Alhamisi iliyofuata alikuja na vitumbua chini ya kawa, vya kumshukuru mwalimu kwa uvumilivu wake. Raghba alivila vyote huku akiandika. Mara mojamoja haya ilimgusa, naye akaiahirisha mpaka atakapohitimu.

Siku ya mtihani ikafika, na hakuwa na mwanafunzi wa kusikilizwa. Desturi ilimruhusu mwalimu kukaa nyuma ya pazia, kando ya mwanafunzi wake, amfungulie kurasa. Raghba akamwambia Bi Ridhaa aweke mikono mapajani, kisha akapiga yeye, akikosea makusudi mara mbili ili isikike kama kazi ya mwanagenzi. Upande wa pili baraza lilitikisa vichwa kwa furaha. Mkuu wa baraza, Daktari Takaburi, akaamuru joho liletwe, na mwanafunzi atoke aape kiapo cha mwisho.

Raghba alitazamia kulaumiwa. Bi Ridhaa alimwinamia sikioni.

“Miaka mitatu umenivumilia, mwalimu, na mimi sikushika hata kidogo,” alinong'ona. “Kosa ni langu. Wacha niape, nisikuharibie siku yako.”

Akatoka, akainua kiganja chake chenye makovu mbele ya watu wazima saba, akasema kuwa mkono ule umefundishwa na Raghba. Wakampigia makofi.

Kama angemtukana, Raghba angestahimili. Ule wema ndio uliomshinda. Aliona aibu ambayo hakupata kuijua tangu azaliwe, ikamchoma masikio, na kabla makofi hayajaisha akatoka nyuma ya pazia.

“Waheshimiwa, aliyepiga ni mimi,” alisema. “Mama huyu hajapata kuigusa piano. Nilimnyima mimi, kusudi nipate cha kuandika.”

Takaburi hakukasirika hata kidogo. “Kaa kitako, kijana, uvae joho lako,” alisema kwa upole. “Hapana hata mmoja katika baraza hili ambaye hakukaa pale ulipokaa wewe.”

Alikuwa amesahau kuwa Bi Ridhaa bado amesimama. Mama akawatazama mmoja mmoja, wote saba. Huyu akachunguza kucha zake, yule akawa anasoma jalada la tasnifu kama kwamba ndiyo kwanza aione. Raghba akalikunja joho, akaliweka mezani. Takaburi akamkumbusha kwamba aliachaye joho hutoka kwa mlango wa uani, na hutoka hivyo maisha yake yote. Raghba akajibu kuwa njia hiyo anaijua.

Lakini hakutoka. Alilivuta pazia mpaka mwisho, akamkalisha mama mbele ya piano iliyofunuliwa, na hapo akagundua kuwa hawezi kuanza. Katika ukurasa wa kumi na saba wa tasnifu yake alikuwa ameandika kuwa mwanafunzi anatamani wimbo fulani. Hakupata kuuliza wimbo wenyewe.

“Mama,” alisema, “wimbo wako unakwendaje?”

Bi Ridhaa akauimba kwa sauti yake iliyokwaruzwa na moshi. Ulikuwa na sauti tano tu, zinapanda na kurudi. Raghba akamshika kidole akakiweka mahali pake, kisha cha pili, kisha cha tatu. Madaktari walibaki vitini, maana kuondoka kungekuwa kukiri. Chai waliyoandaliwa ilikuwa haijapoa wakati mama alipoufikisha wimbo mwisho, polepole, kwa mkono mmoja, bila kukosea.

Aliitazama mikono yake, kisha akamtazama Raghba.

“Kumbe ni hivi tu, mwalimu?”

Hakuuliza kwa kulaumu, alitaka kujua. Raghba akajibu kuwa ni hivyo tu, na hakuthubutu kuinua uso.